Presha Waliyoiita Hasira

Kwa miaka mingi, katika ukoo wa aliyekuwa mume wangu, mtoto akinuna na kubamiza mlango aliambiwa, "Wewe nawe, umekuwa mke wa Profesa?" Mke wa Profesa ni mimi, au nilikuwa mimi. Walilisema hilo hata nikiwepo, huku wakicheka, kana kwamba ni mzaha ambao na mimi nilitakiwa kuuchekea. Sikuwahi kucheka. Upande wao umeshasemwa vya kutosha, tena na watu wanaojua kusema. Sasa nasema wangu.

Mimi ni dobi. Shule sikuiona. Nilipofika umri wa kwenda, mama alikuwa na beseni na mimi nilikuwa na mikono, mambo yakaishia hapo. Nilianza kwa kufua, baadaye nikawaachia wengine beseni nikabaki na pasi, kwa sababu pasi ndiyo kazi ninayoipenda. Koti jeupe likitoka kwenye kamba huwa limejikunja kama uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Unalinyunyizia maji, unaanza na kola, unashuka mabegani, unamalizia na mikono, na ukilitundika unaona limerudi kuwa mtu. Kwa makoti hayo ndiko nilikompata yule bwana.

Alikuwa akisomea mishipa ya damu kwenye taasisi iliyo upande wa juu wa barabara yetu. Wenzake walitupa makoti mezani wakaondoka. Yeye aliketi kwenye benchi akasubiri. Mtaa ulimpa jina la Profesa kabla hata hajamaliza masomo, kwa kuwa ukimuuliza kama mvua itanyesha, anafikiri kwanza.

"Huchoki mkono?" aliniuliza siku moja.

"Nikichoka, wewe utavaa nini?"

Akacheka, akasogea karibu na meza. Alikuwa akitazama mkono wangu wa kulia, hapa kwa ndani, juu kidogo ya kiwiko.

"Una mshipa mzuri," akasema.

Wanawake wengine huambiwa wana macho mazuri, wengine wana mwendo. Mimi nilisifiwa mshipa, na nikaolewa.

Kazi yake alinieleza mwenyewe, kwa maneno ambayo hata mimi niliyashika. Mshipa wa damu si bomba la chuma. Una ngozi ya ndani, nyembamba mno, na ngozi hiyo ndiyo inayouambia mshipa utanuke damu ikija kwa wingi. Mshipa wa mtu mzima wa afya unasikia. Mshipa wa mtu mwenye presha ya muda mrefu unakuwa kiziwi: damu inabisha hodi, wenyewe umekaa palepale. Alitaka kujua uziwi huo unaanza lini, kabla ya presha kupanda au baada yake. Ili kupima, unamlaza mtu, unamfunga mkanda chini ya kiwiko, unaujaza upepo mpaka damu inazuiwa kwa dakika chache, halafu unauachia ghafla. Damu inarudi kwa kishindo. Hapo unatazama kwa mashine ya picha, aina ileile wanayopimia wajawazito, uone mshipa wa juu ya kiwiko umetanuka kiasi gani. Tofauti yenyewe ni kama unene wa uzi. Mkono wa mpimaji ukitikisika, ameharibu.

Kwa hiyo ilibidi aufundishe mkono wake kutulia, na kwa kuufundisha alihitaji mkono wa mtu, mkono uleule, tena na tena, mpaka aweze kuonyesha wakubwa zake kwamba leo na wiki ijayo anapata jibu moja. Nani mwingine? Wenzake walikuwa na kazi zao. Mimi Jumamosi nilikuwa nafunga kibanda mapema.

Chumba kilikuwa mwisho wa korido. Pazia zito, taa hafifu, kitanda chembamba kilichotandikwa karatasi inayolia ukijigeuza. Alinipaka jeli ya baridi, akaegemeza kile kipimo juu ya ngozi yangu kama mtu anayegusa yai lililopasuka, akashusha pumzi. Sitasema uongo, siku zile za mwanzo nilipenda. Mume wangu alikuwa hajawahi kunitazama muda mrefu hivyo, hata kama alikuwa anatazama kioo cha mashine.

Masharti yalikuwa haya: usile tangu kuamka, usinywe chai, usiongee, usisinzie. Na usije na hasira.

"Hasira inabana mishipa," alinieleza. "Ukija umekasirika, sitapima mshipa. Nitapima ugomvi."

Sharti hilo la mwisho lilitoka chumbani mle likahamia nyumbani kwetu, likakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nikiwa na neno la kumwambia, ananitazama kwa upole na kusema, "Mama watoto, kesho Jumamosi." Amesahau kwenda shuleni kumwona mwalimu wa binti yetu? Kesho Jumamosi. Amewakaribisha wenzake bila kuniambia, nakuta wageni sebuleni na mimi nanuka moshi wa pasi? Kesho Jumamosi. Na ikifika Jumapili, neno lenyewe limeshapoa, ukilisema unaonekana mtu wa kufukua makaburi.

Halafu akaja wifi. Huyu ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na katika hilo namheshimu. Alikuja kutusalimia. Watoto wetu waling'oka meno ya utoto, wakaota mengine, yeye bado anatusalimia. Alikuwa na kiti chake dirishani, na kutoka kwenye kiti hicho aliongoza nyumba.

"Hebu oneni," aliwaambia wageni mbele yangu. "Mdogo wangu anafungua mishipa ya watu. Mkewe anafungua vifungo vya mashati."

Wageni wakacheka. Mimi nilimeza. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Mkono wake ulipokwisha kutulia, Profesa alianza kazi yenyewe. Aliwakusanya watu wenye presha na watu wazima wa afya, ayafuatilie makundi yote mawili kwa miaka, alinganishe. Mimi niliwekwa kundi la wazima. Nilikuwa wa kwanza humo, na hilo alilisema kwa fahari, kama mtu anayekuonyesha jiwe la msingi la nyumba yake.

Miaka ikaenda. Jumamosi zikawa chache, mara nne kwa mwaka, halafu mara mbili. Na kila nilipolala pale, kabla ya yote, alinipima presha.

"Imepanda," alisema siku moja, na uso wake ukakunjamana. "Nani kakuudhi?"

"Hakuna."

"Mke wangu, mkanda hauna sababu ya kukusingizia. Ni wifi yako?"

"Wifi yangu yupo kila siku."

"Ndiyo hiyo sasa. Haya, vuta pumzi. Fikiria kitu kitupu. Tutapima tena."

Nilifikiria kamba ya nguo isiyo na nguo. Alipima tena, akapima tena, mpaka namba ikashuka mahali anapopataka, na hiyo iliyoshuka ndiyo aliyoichukua. Zile za juu zilikuwa hasira zangu. Zilikuwa uchafu tu wa kupanguswa ili mshipa uonekane.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nafika, imepanda, naulizwa nani kaniudhi, natafuta wa kumtaja. Ukiulizwa swali hilo mara nyingi, mtu hakosekani. Nilimtaja wifi, nilimtaja mteja aliyedai nimempotezea kifungo, siku moja nilimtaja jogoo wa jirani. Na niliamini. Nilikuwa naamka na kisogo kizito kama nimelalia mawe, najiuliza nimegombana na nani ndotoni. Nikipanda ngazi moyo ukinienda mbio, nasema, ona sasa, mwanamke wewe, hata ngazi unaikasirikia. Nikaanza kujichunga. Nikawa sisemi la kheri wala la shari, nikidhani nikikaa kimya vya kutosha damu yangu itajifunza adabu. Haikujifunza. Ingejifunzaje, na ilikuwa inaumwa?

Lakini hilo la kuumwa nililijua baadaye. Kwanza walinihukumu.

Siku yenyewe binti yetu alikuwa amekuja kibandani kunisaidia. Alipenda pasi, yule mtoto, alikuwa na mkono mwepesi kwenye kola. Wifi akatokea, akamnyang'anya pasi ikiwa ya moto, akaiweka chini.

"Mtoto wa Profesa hapigi pasi. Unataka uwe kama mama yako?"

Nikamwambia arudi kwake. Nilimwambia kwa sauti, na mtaa wote ulisikia, na sikujali ni siku gani ya wiki. Nilimwambia, "Wifi, umetusalimia, tumeitika. Sasa nenda."

Basi pakawa na kikao. Sebule ya baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao, ilijaa. Wifi alilia, na akilia analia vizuri, kwa kituo. Nilijua nitasemwa, hilo sikuliogopa. Niliyekuwa namtazama ni mume wangu. Nilisema moyoni, huyu anajua nimemeza mangapi, atanitetea hata kwa neno moja.

Akasimama, akakohoa kidogo kama anavyofanya kabla ya kuhutubia.

"Mimi sisemi kwa kumwonea," akasema. "Nimempima miaka yote hii. Kila akija presha iko juu. Akitulizwa, inashuka. Ndugu zangu, mwili wake wenyewe unasema ni mtu wa hasira."

Walinitazama kama vile nimevuliwa nguo. Mwanamke akishitakiwa na wifi anaweza kujibu, na akishitakiwa na mume anaweza pia kujibu. Utaijibu nini mashine? Baba mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kama kipimo kimesema," akasema, "sisi ni akina nani?"

Wakaamua niende nikapumzike kwa ndugu zangu, nitulie, nikitulia nitafuatwa. Nilitulia. Hakuna aliyenifuata. Watoto walikuwa wameshakua, kila mmoja na safari yake, na wao waliniambia kwa upendo, "Mama, punguza hasira," kama mtu anavyoambiwa apunguze sukari. Nikapanga chumba, nikaweka meza, nikawasha pasi. Profesa akapanda cheo na kuwa profesa wa kweli, na mtaa ukasema ulijua tangu zamani.

Niliishi hivyo mpaka siku nilipoona doa.

Lilikuwa kwenye koti jeupe, karibu na mfuko, doa la rangi ya kahawa. Nikalisugua kwa sabuni. Halikutoka. Nikalisugua kwa ndimu. Nikaudhika, nikaliweka kando, nikachukua koti jingine, na doa likaja nalo. Nikatazama ukuta, likawa ukutani. Nikafumba jicho la kushoto, halipo. Nikafumba la kulia, lipo. Mchana huohuo nikaunguza shati la mteja kwa kuwa sikuiona ncha ya pasi ilipo.

Zahanati ilikuwa na muuguzi kijana, binti mwenye haraka zake usoni. Akanifunga mkanda, akautazama, akaufungua, akaufunga tena.

"Mama, una presha."

"Hapana, mwanangu, nina hasira," nikamwambia. "Ngoja nitulie, itashuka."

"Haya, tulia."

Nikafumba macho, nikaiita kamba yangu tupu. Akapima.

"Imeshuka," nikasema.

"Imeshuka kweli. Ilikuwa darini, sasa ipo juu ya kabati. Sakafu hujaiona bado, mama. Rudi kesho, na kesho kutwa."

Nikarudi, na kila siku ilikuwa palepale juu ya kabati. Siku ya mwisho nilikuwa na furaha, binti yangu alikuwa amejifungua salama, nilikwenda pale nikiimba. Ilikuwa juu zaidi. Nilikaa kwenye lile benchi la zahanati nikajiuliza, leo nimemkasirikia nani? Sikumpata. Nilitafuta kwa uaminifu kabisa, sikumpata.

Wakanipeleka kwa daktari wa macho. Akanimulika, akakaa muda mrefu akichungulia nyuma ya jicho, ambako, alisema, ndiko mahali pekee mwilini unapoweza kuiona mishipa ya damu bila kumpasua mtu. Akazima taa yake.

"Mmoja umevuja, ndiyo doa lako. Lakini na mingine imechoka. Haya si ya jana, mama. Ni ya miaka. Hakuna aliyewahi kukupima?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka akamwita muuguzi. Hakuna aliyewahi kunipima! Nimepimwa kuliko nguo kwa fundi. Nimelazwa, nimefungwa, nimepakwa, nimetazamwa ndani ya mshipa na mtu aliyejijengea jina kwa kujua mshipa, na huyo mtu amesimama mbele ya ukoo mzima akatafsiri ugonjwa wangu kuwa tabia mbaya.

Nikaanza vidonge. Doa lilififia, halikuisha. Kichwa kikawa chepesi, ngazi nikazipanda. Na lililobaki kuniumiza lilikuwa swali moja, nililipiga pasi kila siku na halikunyooka: alikosea, au alijua? Kukosea kwa mtu ningekubeba. Mimi mwenyewe nilikosea pamoja naye. Lakini kama alijua siku ile ya sebuleni, basi aliyenihukumu hakuwa mjinga. Alikuwa mwongo.

Wifi ndiye aliyeleta nafasi. Nilimsikia ngazini kabla sijamwona, anapumua kama mfua chuma.

"Hodi humu."

"Karibu, wifi. Umenenepa au ni gauni?"

"Ni gauni. Na wewe, umekuwa mpole au ni uzee?"

"Ni vidonge. Kaa."

Akaketi, akaitazama meza yangu, makoti yaliyotundikwa, akakosa la kudharau. Akaniambia ametumwa. Mdogo wake anaifunga ile kazi yake kubwa ya mishipa, watu watakuja kutoka mbali kumsikiliza. Wale wazima wa mwanzoni wamepungua, wengine wamehama, wengine wametangulia mbele ya haki. Mimi ndiye wa kwanza, ndiye niliyepimwa kwa muda mrefu kuliko wote. Anaomba anipime mara ya mwisho.

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Anaona haya."

"Mwambie nitakwenda. Ila na wewe uwemo chumbani."

"Mimi nifanye nini huko? Nishike taa?"

"Usikilize tu, wifi. Hiyo unaiweza."

Chumba kilikuwa kilekile, kitanda kipya. Yeye alikuwa na mvi, miwani, na koti ambalo sikulipiga pasi mimi, na lilionekana. Alinisalimia kwa heshima. Wifi akakaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake mapajani.

"Hujala? Hujanywa chai?" akaniuliza, akiandaa mkanda.

"Sijala. Nimemeza dawa zangu za presha."

Mkono wake ukasimama. Mtu anayesikia jambo geni huuliza. Huuliza tangu lini, huuliza nani kasema, husema haiwezekani. Yule bwana hakuuliza kitu. Alimtazama dada yake, kisha akatazama mlango kama umefungwa. Jibu langu nililipata hapo, ila nilitaka litoke mdomoni kwake.

"Ulijua?"

"Mwanzoni nilidhani ni hasira," akasema. "Kweli kabisa nilidhani hivyo."

"Na baadaye?"

"Baadaye mshipa wenyewe ulianza kutanuka kidogo kuliko zamani. Hata siku ulizokuja umetulia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo... nilifikiri labda ni mkono wangu. Nikasema nisubiri kipimo kinachofuata. Halafu kingine."

"Siku ya kikao, baba watoto. Ulipowaambia mwili wangu unasema ni mtu wa hasira. Ulikuwa unajua?"

Akavua miwani.

"Jibu, wewe!" wifi akafoka kutoka kwenye kiti. Sikuwa nimewahi kumsikia akimfokea.

"Nilikuwa nimeanza kujua."

"Kujua nako huanza kwa manyunyu, kama mvua?" nikamwambia. "Sema neno lenyewe."

"Nilijua," akasema.

Akaanza kueleza, na hapo alieleza vizuri, ndiyo kazi yake. Kwamba mkono wangu ndio uliothibitisha kuwa mkono wake umetulia. Kwamba mimi ndiye jiwe la kwanza la kundi la wazima, na nikionekana mgonjwa watauliza tangu lini, na wakiuliza tangu lini wataanza kutilia shaka kila kitu kilichojengwa juu yangu. Kwamba alitaka kuniambia, na kila mwaka ukawa mbaya kuliko uliopita kwa kusema. Alikuwa na sababu nyingi. Katika sababu zote hizo hapakuwa na jicho langu.

"Sawa," nikasema. "Nitalala hapo unipime. Lakini kwanza niondoe kwa wazima. Niweke kwa wagonjwa, tangu mwaka ule ulipojua, ili wageni wako wakija waone kwamba yule mwanamke alikuwa anaumwa."

"Siwezi, sasa hivi siwezi. Kazi yote itabidi irudiwe."

"Huwezi au hutaki?"

"Lala kwanza, mama watoto, tutaongea. Usijipandishe..." Akanyamaza mwenyewe katikati ya neno.

Nikachukua mkoba wangu, nikaushusha mkono wa gauni, nikatoka. Mkono ni wangu, umerudi nyumbani. Kama alimpata mtu mwingine wa kujazia pengo sijui, na sikuuliza.

Wifi alinifuata kwenye korido, ile korido ndefu, akiniita. Alinikuta karibu na ngazi. Uso wake ulikuwa umeanguka.

"Wifi, mimi sikujua. Tulimhukumu mgonjwa. Nisamehe."

"Sitaki unisamehewe hapa," nikamjibu, na hasira ilinichanganya maneno, nikayapanga upya. "Sitaki uniombe msamaha hapa, wifi. Hapa hakuna mtu. Mlinisema sebuleni mbele ya watu. Kaseme sebuleni."

Nilidhani hatathubutu. Mdogo wake ndiye taji lake, hana lingine. Lakini wifi, kwa ubaya wake wote, akishapokea neno halali nalo, ataligongea milango. Haikupita muda nikaitwa. Sebule ileile ya baba mdogo, mapazia mapya, watu walewale waliozeeka, na wengine waliokuwa watoto wakati ule, ambao walinijua kwa ule mzaha tu. Profesa hakuja. Alituma salamu kwamba ana safari ya kikazi.

Wifi akasimama na kusema. Hakulia. Alisema mdogo wake alijua kuwa ninaumwa, alijua siku ileile aliyosimama pale, na kwamba amekiri mbele yake kwa mdomo wake. Akasema, "Na mimi niliyemchokoza nilikuwa naambiwa ni mvumilivu." Akakaa.

Nilimwona mke wa kijana mmoja akimtazama mumewe. Baba mdogo akaisugua fimbo yake kwa kiganja, akatafuta pa kuanzia.

"Basi," akasema mwishowe. "Binadamu hukosea. Yamesemwa, yamesikika. Tuseme yaishe."

Wengi wakaitikia, kwa haraka ya watu wanaotaka kwenda makwao. Yaishe, yaishe.

"Hayajaisha," nikasema. "Bado mimi sijasema."

Sikujua kama nimepaza sauti. Labda nilipaza. Baba mdogo akaniinulia mkono, kwa huruma kabisa, huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Taratibu, mwanangu. Taratibu. Usipandishe sauti, una presha."

Nikamtazama. Zamani nilinyamazishwa kwa sababu nina hasira, sina ugonjwa. Sasa wamejua nina ugonjwa, basi ugonjwa ndio uninyamazishe. Wifi naye alikuwa ameshainuka kuniletea maji.

"Dawa nimemeza, baba mdogo," nikamwambia. "Maji sitaki, wifi, kaa chini."

Nikavuta kiti mpaka katikati ya sebule, nikaketi ili wasije wakasema niliwasimamia vichwani, na nikaanza kusema.